Ukumbi Mweupe wa Bi Kheiria

Majira ya machipuko ya Maskati huanza Jumanne na kumalizika Alkhamisi kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo ni joto, na joto halina mtindo. Hata hivyo, mwezi wa Machi mwaka 1998, shangazi yangu Bi Kheiria aliamua kwamba nyumba yetu ya Darsait nayo lazima iingie kwenye machipuko kama nyumba za Ulaya.

Hakuyazua peke yake. Alikwenda Ruwi kung'oa jino, na kwenye chumba cha kungojea daktari akaliona jarida la Kizungu la mapambo ya nyumba. Jino aliliacha kule. Jarida alirudi nalo ndani ya mkoba, chini ya pamba na vidonge vya maumivu. Kiingereza cha Shangazi ni cha kuulizia bei na kuikataa, na changu hakifiki hata hapo, kwa hiyo tulilisoma kwa picha. Picha zote zilikuwa moja: chumba cheupe, pazia jeupe, kochi jeupe, na mwanamke mwembamba aliyevaa nyeupe anaangalia dirishani kama anangojea majibu ya hospitali. Hakuna mtoto. Hakuna sinia. Hakuna hata mgeni mmoja.

"Tazama utulivu huo," Shangazi alisema, shavu limemvimba. "Sisi tunaishi kama tumo ndani ya duka la Matrah."

Ukumbi wetu ulikuwa na mapazia mekundu ya mahameli yenye vishada vya dhahabu, makochi manne ya kahawia mazito kama ngamia waliopiga magoti, zulia lenye picha ya paa wanaokunywa maji, saa kubwa iliyopiga adhana kwa sauti ya kuku, kioo cha ukutani chenye fremu ya dhahabu, na maua ya plastiki kila pembe. Maua hayo niliyaosha mimi kila Ijumaa, moja moja, kwa mswaki wa zamani. Vyote hivyo alivichagua Shangazi mwenyewe, na kila mgeni aliyekaa kwenye makochi yale alisimuliwa yalivyopatikana, akitaka asitake.

Haraka ya Shangazi ilikuwa na sababu. Alkhamisi ile, saa kumi na moja jioni, Bi Nasriya wa Qurum alikuwa anakuja kumposea mwanawe Zahor. Anayeposwa ni Ibtihal, binti wa Shangazi, aliyekuwa akifanya kazi benki. Zahor na Ibtihal walikuwa wameshakubaliana zamani, kimya kimya, kwa simu ambazo mimi nilitumwa kuzilinda. Lakini Zahor alikuwa anasafiri Jumamosi kwenda kusoma Uingereza miaka mitatu, na baba yake ana binti wa nduguye huko Nizwa. Mzee huyo alishasema wazi: pete ya Ibtihal ikivaliwa kabla ya ndege kuondoka, yeye hana neno. Isipovaliwa, kijana ataozwa binti wa ami yake, na mazungumzo yameisha.

Ibtihal alikuwa hapati usingizi. Shangazi naye alikuwa haupati, lakini kwa ajili ya mapazia.

Mumewe, Bwana Mahfoudh, hakuwepo. Alifanya kazi kwenye kambi ya mafuta huko Marmul, jangwani, wiki mbili kule na wiki mbili nyumbani. Ridhaa yake kuhusu posa alishaitoa. Kuhusu ukumbi hakuulizwa. Mambo makubwa yote ya nyumba ile Shangazi huyafanya katika zile wiki mbili za jangwani, ili mume akirudi ayakute yameshakauka.

Jumatatu wakaja wapaka rangi. Jumatano asubuhi ikaja pikapu ikachukua makochi, zulia na mapazia mekundu. Dereva aliambiwa, "Peleka popote, nisiyaone tena," na akafurahi sana. Makochi meupe yalikuwa yaje kutoka duka moja la Ruwi siku ile ile. Tulipopiga simu, muuzaji akasema bukra, yaani kesho. Tulipopiga tena, akasema bukra inshallah, na hapo hata mimi nikajua kwamba hayaji.

"Haidhuru," Shangazi alisema, akafungua jarida. "Hapa wamekaa chini. Ona, ndiyo mtindo wa kileo wenyewe."

Basi tukatandika mikeka ukumbi mzima, juu yake shuka nyeupe, ukutani tukapanga takia nyeupe za kuegemea, na madirishani tukatundika mapazia meupe. Televisheni tukaihamishia chumbani. Saa tukaishusha. Kioo kilikuwa kizito, hakikushuka, na ile fremu ya dhahabu Shangazi alisema inampigia kelele, kwa hiyo tukakifunika chote kwa shuka. Maua ya plastiki niliambiwa niyatupe.

"Na udi, mama?" Ibtihal aliuliza. "Wageni waje nyumba hainukii?"

"Udi unatia pazia manjano. Nimenunua harufu ya machipuko."

Akaichomoa chupa, akaipulizia huku na huku. Sijui machipuko yao yananukia vipi huko Ulaya. Yale ya kwenye chupa yalinuka karafuu maiti.

Mwisho Shangazi akavaa gauni jeupe alilolishonesha makusudi, akajitanda mtandio mweupe, akaketi katikati ya mkeka, mgongo ukutani, akatuuliza: "Nimekaaje?"

Nilisimama mlangoni na ndoo mkononi. Ukumbi kama ule nilishauona mara moja, Unguja, siku aliyokufa babu yangu. Mikeka chini, vyombo vyote nje, kioo kimefunikwa, na bibi katikati, kavaa nyeupe za eda. Neno lilinijia mpaka kwenye meno. Lakini mimi ni mtu ambaye sauti yake hurudi ndani ikitazamwa, na Shangazi alishaniambia tangu mwaka wa kwanza nilipokuja kwake: "Wewe Mahbuba kazi yako kahawa. Maneno niachie mimi." Nikamwachia.

"Umependeza," Ibtihal alisema, macho yake yako kwenye simu ya mezani.

Sasa, mbele ya nyumba yetu anakaa Bi Masouda. Ana dirisha moja tu la barabarani na hulitumia kuliko watu wanavyotumia televisheni. Jumatano yote lile pazia lake halikutulia. Jioni alivuka barabara, akafika kwenye mlango wetu uliokuwa wazi kwa sababu ya rangi, akachungulia. Shangazi alikuwa ameketi peke yake pale katikati, macho mekundu kwa ukali wa rangi, anapangusa machozi kwa ncha ya mtandio. Bi Masouda akavuta pumzi, akaisikia ile chupa. Akashika kifua chake, akageuka, na nikamwona anakimbia. Mwanamke yule ana magoti mabovu, hakimbii kwa jambo dogo.

Alkhamisi saa kumi na nusu, tukiwa tunamngoja Bi Nasriya, kengele ya mlango ikalia. Nikafungua. Walikuwa wanawake wasiopungua ishirini, wote mabaibui meusi. Mbele yao Bi Masouda na sanduku la juzuu za Kurani kwapani, nyuma yake wawili wamebeba sufuria kubwa la wali. Hawakungoja kukaribishwa. Waliingia, wakavua viatu, na Bi Masouda akamwangukia Shangazi shingoni.

"Kheiria, mwanangu, jikaze! Mahfoudh alikuwa mtu wa watu!"

"Alikuwa?" Shangazi alisema.

Lakini wenzake Bi Masouda walishaketi. Na ukumbi uliwapokea vizuri, kama waliopimiwa. Mikeka iliwatosha, takia ziliwatosha, hata nafasi ya kupitisha kahawa ilikuwepo. Juzuu zikagawiwa, vichwa vikainama, kisomo kikaanza.

"Mahfoudh mzima!" Shangazi alipiga kelele. "Mzima, yuko kazini, jana usiku kanipigia simu anataka achari!"

Kisomo kikakatika. Bi Masouda akamwachia shingo, akarudi nyuma hatua moja amtazame vizuri. Akatazama mikeka. Akatazama kioo. Akatazama gauni, akanusa tena.

"Alhamdulillah," alisema polepole. "Basi nani?"

Jibu lilikuwa jepesi. Hakuna. Neno moja tu. Lakini mbele ya Shangazi walikuwa wamekaa wanawake ishirini ambao kwa miaka kumi na miwili aliwafundisha namna ya kupamba nyumba. Aliwahi kumwambia mmoja wao, mbele ya wenzake, kwamba ukumbi wake unafanana na kituo cha basi cha Ruwi. Huyo naye alikuwepo, juzuu mkononi, anangoja jibu. Nikauona uso wa Shangazi unahesabu upesi upesi aibu ipi ndogo.

"Shangazi yangu," alisema. "Bi Zuwena. Wa Wete."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," wakajibu wote, na kisomo kikaendelea.

Nilikaribia kuliangusha dele la kahawa. Kabla sijapata pa kuliweka, kengele ikalia tena, na huyo alikuwa Bi Nasriya. Kapambika, kajitia mafuta ya udi, nyuma yake nduguye na sinia la halwa lililofunikwa kitambaa cha kijani, na mkononi mwake kijisanduku chekundu cha pete. Akakiona kilima cha viatu mlangoni. Akasikia kisomo. Kijisanduku kikaingia ndani ya baibui kwa haraka niliyoistaajabia, na nduguye akapewa ishara ya jicho arudishe halwa garini. Bi Nasriya akaingia akaketi karibu na mlango, akauliza kwa sauti ya chini ni nani, akaambiwa, akaitikia yanayoitikiwa.

Ibtihal alimvuta mama yake jikoni kwa mkono. Nami nilikuwa jikoni.

"Mama, Bi Zuwena alikufa mimi niko darasa la pili!"

"Basi si uongo. Kafa."

"Zahor anasafiri Jumamosi!"

"Watarudi baada ya arubaini. Watu wenye adabu hungoja."

"Baada ya arubaini Zahor ana mchumba Nizwa! Nenda kawaambie kweli."

"Niwaambie nini? Kwamba Kheiria ameugeuza ukumbi wake matanga kwa ajili ya jarida la kwa daktari wa meno?"

"Ndiyo!"

"Wanicheke Darsait nzima?"

"Watacheka wiki moja, mama. Mimi nitaishi na jambo hili umri wangu wote."

Shangazi aliupanga mtandio wake. Nilidhani amesikia. "Wiki moja," alisema, "wewe huwajui hawa. Khalas, yamekwisha," akarudi ukumbini. Na safari hii alilia kweli, kwa sauti, mpaka wakamshika mabega. Mwaka aliokufa hasa, Bi Zuwena alipata kwa Shangazi simu moja ya dakika tatu. Sasa alililiwa vizuri, na faida juu yake.

Ibtihal aliegemea friji. Mikono yake ilikuwa na hina ya jana, maua madogo mpaka viwikoni. Hakulia. "Mahbuba," alisema, "ningeazimwa mama mwengine kwa robo saa tu."

Sikuwa na mama wa kumwazima. Nikachukua dele na vikombe nikaingia kupitisha kahawa, kwani hiyo ndiyo kazi yangu. Waliomaliza juzuu zao walikuwa wameshaanza kunong'ona.

"Lakini Kheiria kajiandaa. Mpaka rangi kapaka."

"Msiba wa heshima, bibi wee."

"Shuka hizi kazinunua wapi?"

"Hebu nyamaza, mwenye msiba anasikia."

"Nauliza tu. Na mimi nna bibi yangu hali yake si nzuri."

Bi Nasriya akakirudisha kikombe chake, akakitikisa kuonyesha ametosheka, akanyanyuka. "Bi Kheiria, Mwenyezi Mungu akupe subira. Lile letu lingoje kwanza. Haifai kutia neno la furaha kwenye nyumba yenye msiba."

"Ndiyo," Shangazi alisema, macho chini. "Haifai. Lingoje."

Ibtihal alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Bi Nasriya alimtazama mara moja, kama mtu anayeangalia kitu dukani na ameshaambiwa kimeuzwa, akaenda kuvitafuta viatu vyake.

Hapo simu ikalia. Simu ya ukumbini ilikuwa kwenye kijimeza chini ya kioo, na aliyekuwa karibu nayo ni mimi. Nikaweka dele chini nikaipokea.

"Nani huyo? Mahbuba? Hebu nambie mwanangu, mimi nimekufa lini?"

Alikuwa Bwana Mahfoudh. Mume wa Bi Masouda alipiga simu kambini kuulizia maiti italetwa kwa ndege au kwa gari. Karani, mtu mwema, akalitafuta jina la marehemu kwenye orodha, asilione kati ya wagonjwa wala kati ya waliosafiri, akamwita Mahfoudh mwenyewe aje amsaidie kutafuta.

"Hukufa, Ami," nilinong'ona.

"Hilo nnalijua! Nauliza nani kafa hapo nyumbani?"

Jozi ishirini za macho zilinielekea, na nikaisikia sauti yangu inarudi ndani kama kawaida yake. Nikamwona Shangazi ananitikisia kichwa: usiseme. Nikamwona Bi Nasriya mlangoni, kiatu kimoja kimeshavaliwa, cha pili mguu unakitafuta.

"Hakuna," nilisema.

"Sikusikii! Simu hii mbovu! Sema kwa nguvu!"

Simu za Marmul ndivyo zilivyokuwa, lazima upige kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Nikafumba macho nikapiga kelele.

"Hakuna aliyekufa! Shangazi kapaka rangi tu! Ni mtindo wa machipuko!"

"Mtindo wa nini?"

"Wa machipuko! Kauona kwenye jarida! Makochi yametolewa na mengine hayajaja!"

"Makochi yangu?" alisema Bwana Mahfoudh, na hapo ndipo sauti yake ikawa ya mtu aliyefiwa.

Nilipofumbua macho, Bi Masouda alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Na Bi Zuwena wa Wete?"

Mdomo ulishafunguka, sikujua tena namna ya kuufunga. "Bi Zuwena alikufa mwaka themanini na nne," nilisema. "Mungu amrehemu." Nikaivuta shuka ya kioo, ikaanguka, na sote tukajiona mle ndani ya fremu ya dhahabu: wanawake ishirini wa mabaibui meusi ndani ya ukumbi mweupe, na katikati yao Shangazi na machozi mashavuni, hana maiti.

Aliyeanza kucheka ni Bi Nasriya. Alicheka mpaka akaketi kizingitini na kiatu chake kimoja. "Mimi nimesoma juzuu nzima!" alisema. "Nzima! Kwa ajili ya rangi ya ukuta!" Kisha akajipangusa macho, akakivua kile kiatu, akakitoa kijisanduku chekundu ndani ya baibui. "Ibtihal, njoo mwanangu. Kijana anapanda ndege Jumamosi. Sina muda wa kungoja mpaka hapa afe mtu kweli."

Pete ikavaliwa. Ilimbana kidogo kwenye kifundo cha kidole, Ibtihal akaisukuma mwenyewe mpaka ikaingia. Walewale waliokuja kulia wakapiga vigelegele, halwa ikarudishwa kutoka garini, na sufuria la matanga likafunguliwa kwa sababu watu walikuwa na njaa na wali umeshapikwa. Wakaula kwa mikono, na juu ya zile shuka vikamwagika samli na kahawa na mafuta ya halwa. Mwanamke wa picha, yule mwembamba, angekwenda zake dirishani asirudi. Yule aliyeambiwa kituo cha basi alijifuta vidole kwenye takia nyeupe taratibu, kimoja kimoja, akimtazama Shangazi.

Bi Masouda ndiye aliyebaki na uchungu. "Wali wangu ulikuwa wa Mahfoudh," alilalamika. "Kwa Bi Zuwena nisingetia nyama."

Shangazi hakusema nami siku kumi na moja. Utulivu wote alioutafuta kwenye jarida niliupata mimi, jikoni.

Katika siku hizo nilitumwa na Ibtihal kumrudishia Bi Masouda sufuria lake. Nikabisha, nikaingia, na nikayakuta makochi yetu manne ya kahawia yamepangwa ukumbini kwake kama yalivyokuwa kwetu, na mapazia mekundu dirishani. Aliyanunua kwa yule dereva wa pikapu, pembeni mwa barabara, Jumatano mchana, na jioni yake ndipo alipokuja kuchungulia.

"Usinitazame hivyo," aliniambia. "Nilitaka kitu cha kumkumbukia marehemu."

Marehemu alirudi kutoka Marmul wiki iliyofuata. Makochi meupe yalikuwa yameshafika. Bwana Mahfoudh alilikalia moja kwa dakika tano, kwenye ncha, mikono juu ya magoti kama aliyekuja kuomba kazi. Halafu akavaa kofia yake akavuka barabara, akakaa kwenye kochi lake kwa mume wa Bi Masouda mpaka magharibi. Kesho yake hivyo hivyo. Tulikuwa tunamwona kupitia lile dirisha, kaegemea, miguu juu, kikombe mkononi.

Siku ya kumi na moja Shangazi alisimama akimtazama, pazia jeupe kalishika mkononi. Doa la samli lililokuwa chini yake nililifua mara tatu, na halikutoka.

"Mahbuba," alisema bila ya kugeuka. "Yale maua ya plastiki uliyatupa?"

"Hapana, Shangazi. Yako chini ya kitanda changu."

Aliliachia pazia.

"Yaoshe," alisema.